Siku Niliyokwenda Kuhani Wayunani

Jumatatu tulimpoteza Bi Thuwaiba, mwalimu wangu wa cherehani, akazikwa jioni ile ile. Jumatano, siku ya tatu na ya mwisho ya matanga yake, nikapotea mimi, na nilipopotea ukumbi mzima uliniona. Sijapata kuona haya kama siku ile, na mimi ni mtu niliyeanguka na chano cha wali mbele ya wakwe kwenye harusi ya dada yangu. Ninaandika kwa sababu watu wanalisimulia jambo hili kila mmoja anavyopenda, na wengine wanasema nilipanda jukwaani nikaimba. Sikuimba.

Kwanza niseme yalivyokuwa baina yangu na marehemu, maana bila ya hayo mtaniona mjinga tu (nami mjinga nilikuwa, lakini si bure). Bi Thuwaiba alikuwa na duka dogo la kushona Hamriya, huku kwa Waarabu tunakokaa, juu ya duka la vyombo, na yeye ndiye aliyenitoa katika kushona foronya akanifikisha kwenye nguo za maharusi. Skuli sikufika mbali, kila ninachokijua nilikijulia pale. Alikuwa na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu: nguo ndefu, upindo wake uwe wa vidole vinne. Si viwili, si vitatu. "Nguo iwe na uzito chini," akisema, "mtu akisimama isimame, akikaa ikae, isimrukeruke kama kuku." Siku moja mteja alikuwa anasubiri, mimi nina haraka zangu, nikapinda vidole viwili. Bi Thuwaiba akaichukua ile nguo, akachukua wembe, akaufumua upindo wote mbele ya mteja, polepole, kisha akasema, "Huu upindo wa mtu anayekimbilia basi." Mteja akacheka. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nikawa nashonea nyumbani kwangu Matrah, dirishani nikitazama meli za watalii zinaingia na kutoka, na kwa miaka saba mimi na yeye tukawa tunasalimiana harusini tu, kwa ncha za vidole. Alipougua nikasema nitakwenda kesho. Nilisema kesho mara nyingi sana.

Kwa hivyo Jumatano ile sikuwa nakwenda kuhani wafiwa tu. Nilikuwa nakwenda kumwambia Rayya, bintiye wa pekee, kwamba mama yake sikumtaka radhi akiwa hai, na namtaka radhi yeye badala yake. Siku mbili za mwanzo nilishindwa kwa woga. Na mnajua mambo yetu, siku ya tatu ikifika Magharibi busati zinakunjwa, watu wanatawanyika, na asiyekuja ndiyo hakuja, baada ya hapo utabisha hodi nyumbani kwa mtu kwa uso gani?

Nasra binti yangu akanichukua kwa gari baada ya Alasiri, na njia ya Mabela siku hiyo ilikuwa imejaa magari yamesimama kama yameegeshwa. Mabela mimi siijui. Ni nyumba mpya tupu, nyeupe, zote zinafanana, na barabara zinazokurudisha ulipotoka. Hatimaye tukaufikia mtaa wenyewe, magari yamepangwa pande mbili, na mbele ya ukumbi mkubwa wanaume wamevaa kanzu na kofia, wamesimama wanasalimiana kwa sauti ya chini.

"Mama, nishuke nikuulizie?" Nasra akasema.

"Uniulizie nini? Mtu anaulizia msiba? Magari hayo, wanaume hao mlangoni. Nenda kaweke gari, utanikuta ndani."

Hapo ndipo penye kosa, hapo hapo, wala msitafute pengine. Niliona kwamba mtu kuuliza "msiba uko wapi" mbele ya wafiwa ni kama kusema hamjui aliyekufa. Na nilikuwa na aibu yangu ya miaka saba, sikutaka kusimama na mtu yeyote akaniuliza mimi nani.

Mlango wa mbele ni wa wanaume, hilo sihitaji kufundishwa. Wanawake mlango wao uko ubavuni. Nikazunguka ubavuni, na kweli, mlango ule pale, umeachwa wazi kidogo, na nje yake viatu vya wanawake vimerundikana, kandambili na viatu vya shanga. (Niambieni nyinyi, kwa haki, mngefikiri nini?) Nikavua vyangu, nikajifunika mtandio vizuri, nikaingia.

Ndani kulikuwa na ushoroba wa giza, na mbele sauti za wanawake wanalia. Wanalia kwa sauti, tena kwa pamoja, mmoja anaanza na wenzake wanamfuata. Nikastaajabu, kwetu maiti haliliwi hivyo, nikasema moyoni, huyu Rayya kawaachaje watu wanapiga mayowe? Lakini nikajijibu mwenyewe kwamba mimi si mtu wa kumsahihisha Rayya siku hiyo. Nikasukuma pazia.

Wanawake saba wamekaa chini kwa safu, na taa kali ajabu zinawamulika. Upande wangu wa kushoto ni giza tupu. Nikadhani ni pazia jeusi la kutenganisha na wanaume. Nikatoa salamu, nikaanzia kulia kama ilivyo ada, nikainama, nikampa mkono wa kwanza.

"Adhama Llahu ajrakum. Mungu akupe subira."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, na usoni kajipaka kitu kama jivu. Akanitazama macho yamemtoka. Nikasema, masikini, msiba umemziba mdomo. Nikaenda kwa wa pili, akaninong'oneza kwa Kiarabu bila ya kuchezesha midomo, "Khala, mama yangu, wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa marehemu," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Mungu amrehemu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya adabu sana, mpaka leo namwombea dua.

Wa tatu alikuwa ameuma midomo, machozi yamemlenga. Nikamshika bega nikamwambia, "Lia, mwanangu, usijizuie." Akatia uso kwenye viganja, mabega yakamtikisika vibaya. (Sasa najua alikuwa akicheka.) Mtasema kwa nini sikusita. Ukishaanza kuwapa watu mikono huwezi kukata safu katikati, umruke mtu na yeye kafiwa kama mwenzake! Hata ningalijua, nadhani ningaliimaliza safu.

Lakini ukweli ni kwamba sikuwa natazama nyuso tena. Nilikuwa natazama nguo.

Sijui niseme vipi. Zilikuwa za rangi ya nila, nila iliyokolea inakaribia weusi, na juu yake duara nyeupe zimepigwa kwa mkono, moja ndani ya nyengine, kama jiwe linapoanguka kisimani. Kubwa mabegani, zikishuka zinakuwa ndogo, magotini ni nukta tu, na chini kabisa nguo inabaki giza tupu. Hakuna mshono niliouona. Kitambaa kilikuwa kinateremka kutoka begani mpaka sakafuni kama kimemiminwa. Wakiinama wote kwa pamoja zile duara zinakunjamana zinapotea, wakiinua mikono zinafunguka zote kwa mara moja, na mimi nilihisi kitu kifuani kinafunguka nacho. Nimeshona miaka thelathini. Nimeshona nguo za furaha za kila aina, zenye lulu na zenye nyuzi za dhahabu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba huzuni nayo inaweza kukatiwa kitambaa.

Katikati alikuwa amesimama msichana mmoja mrefu, peke yake. Nguo yake si nila, ni ya manjano, manjano ya bizari iliyochujuka, ina pindo nyeusi, na nyuma yake inaburuzika dhiraa nne nzima. Nikamwendea nimpe mkono. Akasema kwa sauti ya juu, kwa Kiarabu cha vitabuni, "Nani atanionyesha njia ya kwenda kwa wanangu?"

Nikasikitika mno, nikajua huyu keshapoteza fahamu. "Kaa kitako, mwanangu," nikamwambia. "Rayya yuko wapi?"

Kule gizani mtu akacheka, na mwengine akamnyamazisha. Nikasema, wanaume wa siku hizi hawana adabu hata matangani.

Yule msichana akageuka, na alipogeuka upindo wa nguo ile ukapita juu ya mguu wangu mtupu. Ulikuwa mzito. Ulipita kama mkono wa mtu. Na hapo nikajivunjia heshima mwenyewe, bila ya kusukumwa na mtu: nikapiga magoti mbele ya mfiwa, nikaushika upindo, nikaupindua nitazame ndani. Umeshonwa kwa mkono, nyuzi ndogo ndogo kama mchele, hakuna hata moja iliyojitokeza nje, na ndani yake wamepitisha kamba ya pamba ili uzito uzidi. Nikaweka vidole vyangu juu yake kupima.

"Vinne!" nikasema. Sikunong'ona. Nilisema kama mtu aliyekiona kitu chake kilichopotea, na ukumbi ule ukaichukua sauti yangu ukaipeleka mpaka nyuma.

Nikazinduka, nikaona haya ya kupiga magoti kwa kitambaa wakati watu wana msiba wao, nikajivuta mwisho wa safu nikakaa kama watu wengine. Mbele yangu kulikuwa na birika na kikombe. Mtu akishakaa hupewa kahawa, na hakuna aliyekuwa akinimiminia, nikasema nisiwatie tabu, nitajimiminia. Nikakinyanyua kikombe. Kilikuwa chepesi kama jani. Kilikuwa cha karatasi ngumu, kimepakwa rangi.

Nilikitazama kikombe kile kwa muda. Kisha taa zikafifia, macho yangu yakaanza kuona ndani ya lile giza la kushoto, na lile giza lilikuwa na nyuso. Safu kwa safu ya viti, wanaume, wanawake, wazee, wote wananitazama mimi na kikombe changu. Na kutoka katikati yao ikaja sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili cha kwetu cha Unguja, wazi kabisa:

"Yoo! Jamani, yule si Bi Muza mshoni wa Matrah?"

"Ndiye!" mwengine akajibu. "Kumbe naye mwigizaji?"

Kama ardhi ingalipasuka ningaliingia na kikombe. Nilisimama, sikujua nimeingilia wapi, mapazia yote yanafanana, nikaenda huku nikarudi, na watu wakaanza kuguna. Yule msichana wa nguo ya manjano ndiye aliyeniokoa. Akaja taratibu, nguo yake ikija nyuma yake, akanishika mkono kama unavyomshika mama yako, akawaambia wale wanawake saba, "Mama huyu amekuja kulia pamoja nasi. Mpisheni." Wakainama wote. Duara zote zikakunjamana. Akanipeleka mpaka kwenye pazia, na nyuma yetu ukumbi ukapiga makofi.

Huko nyuma nikakuta mwanamke wa makamo, miwani usoni, karatasi mkononi, mwalimu wao. Nikangoja matusi, nilistahiki.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nilidhani mmefiwa."

"Tumefiwa," akasema, "lakini kwenye mchezo." Akanipa maji (kikombe cha kweli). Akanieleza kwamba ni mchezo wa Wayunani wa kale, wa malkia aliyefiwa na wanawe na wanawake wa mji wanaomlilia, na wanafunzi wake wameufanyia mazoezi mwaka mzima. Nikamuuliza, nguo hizi zimetoka wapi? Akaniashiria ukutani.

Zilikuwa picha, zimechorwa kwa rangi ya maji, nakala tu, akasema, lakini mwenyewe aliyezichora ni Mrusi, zaidi ya miaka mia iliyopita, alikuwa akichora nguo za kuvaliwa na waigizaji wa michezo hiyo ya Kiyunani. Nikaikaribia ya malkia. Uso wake hakuuchora, kapiga mistari miwili akauacha. Mikono nayo kaiacha. Kazi yake yote kaiweka kwenye nguo: namna inavyomvuta mabega, namna inavyokusanyika chini kama ndiyo inayomzuia asianguke. Nilisimama pale nikasahau aibu yangu. Mtu wa nchi ya barafu, hakukaa nasi kwenye busati, hakutujua, hatukumjua, na alijua kwamba msiba huanza miguuni. Siku ile nilipoambiwa Bi Thuwaiba kafa nilikuwa nimesimama, na kilichokufa kwanza ni miguu.

"Na nani kazishona?" nikauliza.

"Bibi mmoja mwenye duka Hamriya, anakaa mtaa huu huu. Tulimpelekea picha, akazitazama siku mbili ndiyo akakubali. Halafu akaumwa, akamaliza binti yake. Tumewapelekea mwaliko wa leo, hawakujibu. Hatujui kwa nini."

Mimi nilijua kwa nini. Nikamwambia. Yule mwalimu akavua miwani yake, akakaa chini kwenye sanduku.

Simu ikalia, Nasra. "Mama, uko wapi? Nimo ndani huku, Rayya anasema hajakuona!"

"Huku ndani wapi?"

"Ukumbi wa pili, Mama! Ule mdogo, nyuma ya huo mkubwa! Njoo, watu wanakaribia kukunja. Na ukiulizwa sema foleni ya magari."

Nikatoka mbio, nikachomeka miguu kwenye viatu nisivitazame, nikazunguka ukuta. Sikuwa mbali na matanga ya Bi Thuwaiba muda wote ule hata hatua thelathini.

Kule aza, yaani matanga, ilikuwa kama aza zetu. Kimya, misahafu, birika la kweli. Nikawapa mikono tangu kulia, nikafika kwa Rayya. Alikuwa amekonda. Watu walisema tangu Jumatatu hasemi ila "ndiyo" na "la".

"Umechelewa, Khala Muza," akaniambia. "Nasra kafika zamani."

Nasra akanikazia macho. Foleni ya magari ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini nimekwenda kumtaka mtu radhi, nianzie na uongo?

"Nilikuwa hapo mbele, ukumbi mkubwa," nikasema. "Nimewahani Wayunani."

Bibi mmoja pembeni akauliza, "Kina nani hao, ukoo wa wapi?" Nikawaeleza. Nikawaeleza yote, mlango, viatu, safu nzima, yule niliyemwambia alie, kikombe cha karatasi. Yule bibi akanitazama miguuni akasema, "Astaghfirullah, na viatu hivyo?" Nikatazama na mimi. Desturi tunavua mlangoni, na nimeingia navyo mpaka busatini, viatu vya fedha vya msichana, vina kipepeo juu. Rayya akavuta mtandio usoni, mabega yakamtikisika. Wanawake wakasogea kumshika, wakisema "subira, subira", na mimi safari hii nilijua ninachokiona. Alikuwa akicheka. Kisha akalia kweli, na hapo nikamwambia nililolijia, kwamba sikumtaka radhi mama yake, kwamba nilisema kesho.

"Sikufichi, Khala," akasema. "Kakununia mpaka mwisho."

"Haki yake," nikasema.

Tokea siku hiyo siingii ukumbi wowote, wa furaha wala wa msiba, mpaka nimuulize mtu wa mlangoni hapa pana nini na cha nani, na anione mjinga akitaka. Viatu vya kipepeo nilivirudisha, vyangu sikuvikuta.

Lakini pale pale matangani, Rayya akajifuta uso. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini asisikie mtu, "Ile nguo ya manjano mama hakuiwahi, alikuwa hawezi tena kushika sindano. Nimeipinda mimi, usiku alipokuwa amelala, na sikuwa na wa kunitazamia. Umeiona?"

"Nimeishika."

"Ilianguka vipi mwilini?"

Nikamnyooshea mkono wa kulia, kidole gumba nimekikunja. Akavishika vidole vyangu, akaviweka sawa sawa, akavihesabu.